1001: pale elfu moja inapogeuka kuwa hasi moja

Andika namba yoyote ya tarakimu tatu, kisha iandike tena papo hapo bila kuacha nafasi: 486486. Igawanye kwa 7, unapata 69498, hakuna baki. Jibu hilo ligawanye kwa 11, unapata 6318. Hilo nalo ligawanye kwa 13, unapata 486, ile ile uliyoanza nayo. Jaribu na 305305 au 772772, mambo ni yale yale. Ukiitamka namba yenyewe kwa sauti, siri inajitoa: mia nne themanini na sita elfu, mia nne themanini na sita. Yaani 486 imehesabiwa mara elfu, halafu mara moja ya nyongeza. Jumla ni mara 1001, na 1001 = 7 × 11 × 13.

Mchezo huu hukwama kwa namna mbili. Mtu akichagua 48 akaandika 4848, amezidisha kwa 101, na 101 ni namba tasa. 7, 11 na 13 hazimo humo kabisa. Hiyo 48 ni lazima iandikwe 048 kwanza, ndipo irudiwe: 048048, yaani 48,048. Shida ya pili ni namba ndefu. Ukiandika 2748 mara mbili umezidisha kwa 10001, ambayo ni 73 × 137. Kama nia yako ni kuzidisha 2748 kwa 1001 hasa, isogeze nafasi tatu kushoto kisha jumlisha: 2,748,000 + 2,748 = 2,750,748.

Wengi huijua 1001 kwa mchezo huo tu. Mimi naona hapo ndipo mlangoni, na nyumba yenyewe ni kubwa.

Elfu ni moja pungufu

Karibu kila kitu kizuri kuhusu 1001 kinatoka kwenye jambo moja dogo: 1000 ni 1001 kasoro moja. Ukigawanya 1000 kwa 7, kwa 11 au kwa 13, una haki ya kusema baki ni −1. Kwa hiyo, katika hesabu za mabaki, kila panapotokea elfu unaweka −1. Milioni ni elfu mara elfu, na −1 mara −1 ni +1. Bilioni inarudi kuwa −1. Ile mikato tunayoweka kila baada ya tarakimu tatu ili macho yasichoke, sasa inafanya kazi ya hesabu.

Chukua 64,918,237,505. Tunataka kujua kama inagawanyika kwa 7, 11 au 13. Anza na kundi la mwisho kulia, toa linalofuata, jumlisha linalofuata, toa tena:

505 − 237 + 918 − 64 = 1122

1122 imevuka 1001, basi toa 1001, inabaki 121. Namba yenye tarakimu kumi na moja imekuwa namba ya tarakimu tatu, na mabaki yake kwa 7, kwa 11 na kwa 13 hayajabadilika hata kidogo. Sasa 121 ni 11 × 11, kwa hiyo 11 inapita. Kwa 7, 121 inaacha 2. Kwa 13 inaacha 4. Umejibu maswali matatu kwa hesabu moja.

Ukishabaki na tarakimu tatu kuna njia za mkato za kumalizia. Kwa 7, zidisha tarakimu ya mamia kwa 2, kisha ongeza zile mbili zilizobaki, kwa sababu 100 inaacha 2 ikigawanywa kwa 7: katika 121 ni 2 × 1 + 21 = 23, na 23 inaacha 2. Kwa 13, mia ni 104 kasoro 4, kwa hiyo unatoa mara nne ya tarakimu ya mamia: 21 − 4 = 17, baki 4. Kwa 11, toa na jumlisha tarakimu moja moja: 1 − 2 + 1 = 0. Hizi kumbuka kuzitumia mwishoni tu. Ukianza nazo kwenye namba ndefu utachoka bure.

Njia hii ni rahisi, lakini watu huikosea, na makosa yenyewe ni yale yale kila mara.

La kwanza ni kukata makundi kuanzia kushoto. Namba ikiwa imeandikwa bila mikato, 64918237505, jicho hutaka kusoma 649, 182, 375, halafu 05. Hayo makundi hayana maana yoyote, maana elfu na milioni huhesabiwa kutoka kulia.

La pili linauma zaidi kwa sababu halionekani: kuruka kundi la sifuri. Angalia 15,000,008. Anayeona sifuri akasema "hapa hakuna kitu" anaandika 8 − 15 = −7, anafurahi, anatangaza kuwa inagawanyika kwa 7. Haigawanyiki. Kundi la 000 halibadilishi jumla, ila limeshika zamu yake ya alama. Sahihi ni 8 − 000 + 15 = 23, baki 2. Sifuri zile zimebeba ile ishara ya kutoa. Ukizitupa, 15 inaipokea isipostahili.

La tatu ni alama ya hasi. Kama swali ni "inagawanyika au haigawanyiki?", hasi na chanya ni mamoja. Lakini ukitaka baki lenyewe, 3,001 inatoa 1 − 3 = −2, na baki kwa 7 ni −2 + 7 = 5. Anayegeuza akaandika 3 − 1 = 2 anapata baki la uongo. Hakikisha: 7 × 428 = 2996, na 3001 − 2996 = 5.

Kuna pia kuchanganya 1001 na jirani yake 999. Kwa 999 elfu huacha +1, kwa hiyo makundi yote hujumlishwa bila kutoa. Njia hiyo ni ya 27 na 37, kwa kuwa 27 × 37 = 999. Ukizikumbuka pamoja, kumbuka na tofauti yake: 999 hujumlisha tu, 1001 hubadilisha zamu.

Kukagua kuzidisha

Wengi tunajua kipimo cha tisa: unajumlisha tarakimu za kila namba hadi ibaki moja, unazidisha, unalinganisha. Ni chepesi, ila kina tundu kubwa. Ukibadilishana tarakimu mbili nafasi zake, jumla haibadiliki, na kipimo kinakwambia kila kitu kiko sawa.

Weka 1001 kazini. Tuseme 4,768 × 3,529 umepata 16,826,272. Namba ya kwanza inakuwa 768 − 4 = 764, ya pili 529 − 3 = 526. Zidisha hizo: 764 × 526 = 401,864, nayo inapungua kuwa 864 − 401 = 463. Sasa jibu lako: 272 − 826 + 16 = −538, ongeza 1001, inakuwa 463. Zimekutana.

Kama mkono ungeteleza ukaandika 16,862,272, kipimo cha tisa kisingeona kitu, maana tarakimu ni zile zile na jumla yake bado ni 34. Kwa 1001 ungepata 272 − 862 + 16 = −574, yaani 427, na kosa liko wazi.

Uhakika wake unaweza kuthibitishwa. Kukosea tarakimu moja ni kuongeza au kupunguza namba kati ya 1 na 9 ikifuatwa na sifuri kadhaa, na namba kama hiyo haiwezi kugawanyika kwa 1001 kwa kuwa haina 11 wala 13 ndani yake. Kubadilishana tarakimu mbili zinazopakana kunaleta tofauti ya 9 mara pengo la tarakimu hizo, ikifuatwa na sifuri; napo 11 na 13 hazipatikani. Kwa hiyo makosa ya aina hizo mbili hunaswa yote. Kinachompita 1001 ni kubadilishana makundi mawili yenye alama moja: 16,826,272 na 272,826,016 kwake ni kitu kimoja, kwa kuwa 16 na 272 zote ziko upande wa kujumlisha. Pia ukiongeza 1 kwenye kundi moja na 1 kwenye kundi jirani, umeongeza 1001 au 1001 yenye sifuri nyuma, na hatalalamika. Makosa hayo ni nadra mkononi, lakini yapo.

Desimali za 7, 13 na ndugu zao

Kila mtu anajua 1/7 ni 0.142857 inayojirudia. Wachache wamegundua kuwa 142 + 857 = 999. Na 1/13 ni 0.076923 inayojirudia, ambapo 076 + 923 = 999. Hata 1/11, ukiiandika kwa tarakimu sita, ni 0.090909, na 090 + 909 = 999.

Sababu yake ni nzuri kwa sababu inakupa pia njia ya kuandika desimali hizi kichwani. Geuza sehemu iwe na 1001 chini. 1/7 ni 143/1001. Kisha zidisha juu na chini kwa 999: chini inakuwa 999,999, juu inakuwa 143 × 999 = 143,000 − 143 = 142,857. Tazama kilichotokea: kumtoa 143 kwenye 143,000 kunaacha 142 mbele, yaani 143 kasoro moja, na 857 nyuma, yaani 1000 kasoro 143. Moja imepungua huku, elfu imebaki kule, na jumla ya nusu mbili haina budi kuwa 999.

Basi kanuni ni hii. Ukiwa na n/1001, ambapo n ni kati ya 1 na 1000, nusu ya kwanza ya tarakimu ni n − 1 na nusu ya pili ni 1000 − n. Kwa 5/13: 1001 kugawanya kwa 13 ni 77, mara 5 ni 385, kwa hiyo 384 na 615. Jibu ni 0.384615 inayojirudia. Kwa 1/77, n ni 13: 012 na 987, yaani 0.012987. Kwa 1/91, n ni 11: 0.010989.

Kosa moja tu la kuliogopa: kila nusu lazima iwe na tarakimu tatu. Kwa 1/143, n ni 7, nusu ni 6 na 993. Ukiandika 0.6993 umekosea kwa mbali, ni 0.006993.

Hapa pia ndipo inapoeleweka kwa nini 7 na 13 zina mzunguko wa tarakimu sita. Mzunguko wa desimali hufungwa pale namba za 9 mfululizo zinapogawanyika kwa kigawanyo. 9, 99 na 999 hazina 7 wala 13. Zile za tarakimu nne na tano, 9999 na 99999, nazo hazina. 999,999 ni 999 × 1001, na hapo ndipo zinapoingia. 11 ina haraka yake, imeshapatikana kwenye 99, ndiyo maana mzunguko wake ni wa tarakimu mbili.

Kumtaja namba kwa mabaki matatu

Kwa kuwa 7, 11 na 13 hazina kigawo cha pamoja zaidi ya 1, kila namba kuanzia 0 hadi 1000 ina mabaki matatu ambayo hakuna nyingine katika safu hiyo inayo. Mwambie mtu afikirie namba isiyozidi 1000 na akutajie baki lake kwa 7, kwa 11 na kwa 13. Zidisha la kwanza kwa 715, la pili kwa 364, la tatu kwa 924, jumlisha, kisha punguza kwa 1001.

Tuseme mabaki ni 4, 8 na 4. Unapata 2860 + 2912 + 3696 = 9468. Kupunguza kwa 1001 tumeshakujua: 468 − 9 = 459. Namba ni 459.

Hizo 715, 364 na 924 hazikuokotwa. 715 ni mara ya 11 na 13 (5 × 143), kwa hiyo haigusi mabaki ya 11 na 13, huku kwa 7 inaacha 1. 364 ni 4 × 91 na inaacha 1 kwa 11. 924 ni 12 × 77 na inaacha 1 kwa 13. Ukitaka kujua kama umezikumbuka vizuri, zijumlishe: lazima upate 2003, ambayo ni 2 × 1001 + 1. Kichwani ni rahisi zaidi kutumia 364 ya kujumlisha, kisha kutoa 286 mara baki la 7 na 77 mara baki la 13, kwa kuwa 715 ni 1001 kasoro 286 na 924 ni 1001 kasoro 77: 2912 − 1144 − 308 = 1460, toa 1001, ni 459 tena.

Mtu akikaidi akafikiria 1460, utamtajia 459, na wewe hutakuwa umekosea hesabu. Kwa mabaki hayo matatu namba hizo mbili hazitofautiani.

Mambo madogo madogo

1001 ndiyo namba ndogo kuliko zote za tarakimu nne inayosomeka sawa mbele na nyuma. Namba zote za umbo hilo, kama 3773 au 5225, zinagawanyika kwa 11, kwa sababu ni 1001 mara tarakimu ya nje pamoja na 110 mara tarakimu ya ndani. Kwa 7 ni zile tu zenye 0 au 7 katikati: 4004 ndiyo, 3773 ndiyo, 5225 hapana. Kwa 13 ni zenye 0 katikati pekee.

Vigawo vyake ni nane: 1, 7, 11, 13, 77, 91, 143 na 1001. Ukivijumlisha ukaacha 1001 yenyewe unapata 343, yaani 7 × 7 × 7. Namba zilizo chini yake zisizo na kigawo cha pamoja nayo ni 6 × 10 × 12 = 720. Hilo la 343 silioni kama lina maana yoyote, ila linapendeza.

Je, 1001 haiwezi kuwa tasa? Umbo hili, yaani kipeo cha tatu cha msingi wa kuhesabia kujumlisha moja, daima linagawanyika kwa msingi huo kuongeza moja. Kwetu msingi ni 10, kwa hiyo 11 ilikuwa lazima iwemo, na inabaki 91. Bahati yetu ni hiyo 91, ambayo huwadanganya wengi wakadhani ni tasa ilhali ni 7 × 13. Tungehesabu kwa nane nane, "1001" ingekuwa 513, yaani 27 × 19, na 7 tungeitafutia njia nyingine.

Mstari wa kumi na nne

Kuna sura nyingine ya 1001 isiyohusiana kabisa na elfu kuwa hasi moja. Idadi ya njia za kuchagua vitu 4 kati ya 14 ni 14 × 13 × 12 × 11 gawanya kwa 24. Kwa kuwa 14 × 12 ni 7 × 24, ile 24 inafutika na inabaki 7 × 13 × 11. Kwa hiyo 1001 imekaa katika mstari wa 14 wa pembetatu ya Pascal, ile ya namba ambamo kila moja ni jumla ya mbili zilizo juu yake, ukihesabu ncha ya juu kuwa mstari wa 0.

Tazama majirani zake. Kuchagua 5 kati ya 14 ni njia 2002. Kuchagua 6 ni 3003. Zinafuatana moja, mbili, tatu, na hakuna mahali pengine katika pembetatu nzima panapotokea hivyo. Ukihama kutoka kuchagua k kwenda k + 1 kati ya n, unazidisha kwa (n − k) na kugawanya kwa (k + 1). Hatua ya kwanza inataka n − k = 2(k + 1). Hatua ya pili, kutoka mbili kwenda tatu, inataka 2(n − k − 1) = 3(k + 2). Kutokana na ya kwanza, n − k − 1 ni 2k + 1; ukiiweka kwenye ya pili, 4k + 2 = 3k + 6, k ni 4, na n ni 14. Hakuna jibu lingine.

Kwa kuwa kila namba ni jumla ya mbili zilizo juu yake, 1001 na 2002 zikikaa pamoja, chini yao kwenye mstari wa 15 inatokea 3003, na 3003 tayari iko mstari wa 14. Iko pia mstari wa 78, kuchagua 2: 78 × 77 gawanya kwa 2 ni 39 × 77, yaani 3 × 13 × 7 × 11. Ongeza mstari wa 3003 wenyewe, kisha uhesabu kila moja na pacha wake wa upande wa pili, inakuwa mara nane. Ukiiacha 1, iliyojaa pembeni kote, haijapatikana namba nyingine inayofikisha nane.